Nyerere na nyumba ya mkulima: kutoka msonge wa Butiama hadi ugomvi wa bati

Lori la mabati linapovuka Namanga au Mutukula, mwenye mzigo huwaza ushuru, cheti cha uasili wa bidhaa na bei atakayoikuta sokoni. Ni wachache wanaokumbuka kwamba bidhaa hiyo iliwahi kumkera rais wa nchi hadi akaitaja katika taarifa rasmi kwa chama chake. Rais huyo ni hayati Julius Kambarage Nyerere, na hasira yake juu ya bati haikuwa ya bure. Kwa zaidi ya miongo miwili alihangaika na swali ambalo serikali zote za ukanda huu zinalijua: mkulima na kibarua wa shambani walale wapi, na serikali iwasaidie kwa kiasi gani. Alilijibu kwa njia kadhaa, baadhi zikipingana na nyingine, na matokeo yake bado yanaonekana kwa yeyote anayesafiri na mzigo kutoka Sirari hadi Tunduma.

Alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 Butiama, mashariki ya Ziwa Viktoria. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki, na mama yake, Mugaya Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano kati ya wake 22. Kuwa mtoto wa chifu hakukumpa ghorofa. Alikulia kwa mama yake, katika nyumba ya udongo na nyasi kama za watoto wenzake, akichunga mifugo hadi alipopelekwa shule Musoma akiwa na umri wa miaka 12 hivi. Kutoka hapo alipanda haraka: Tabora mwaka 1937, Makerere mwaka 1943, kisha Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952. Alirudi kufundisha Pugu, akaiongoza TANU ilipoundwa Julai 1954, na mwaka uliofuata akaacha kazi ya ualimu. Nyumba yake ndogo ya Magomeni, Dar es Salaam, leo ni makumbusho, na anayeingia humo hushangaa jinsi vyumba vilivyobana.

Tanganyika iliyopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 ilikuwa nchi ya katani. Mashamba ya Tanga, Korogwe na Morogoro yaliendeshwa kwa nguvu za manamba, yaani vibarua walioletwa kwa mkataba kutoka mbali. Wapo waliotoka Kigoma na nyanda za juu kusini, na wapo waliovuka mipaka: Warundi, Wanyarwanda, na Wamakonde kutoka Msumbiji. Walilala kambini, katika safu za vyumba vilivyojengwa na mwenye shamba. Kwa mpangilio huo mwajiri ndiye alikuwa mwenye nyumba, na kibarua aliyeachishwa kazi alipoteza mshahara na paa kwa pamoja. Nitarudi kwa watu hawa, maana ndio waliosahaulika zaidi.

Wakulima wengine, ambao ndio walikuwa wengi nchini, waliishi wametawanyika, kila familia na shamba lake. Nyerere aliona hapo kizuizi cha kila kitu. Alipokuwa rais wa Jamhuri, Desemba 1962, aliwaeleza wananchi kwamba bila kukaa pamoja kijijini hawatapata trekta, shule, maji wala zahanati, kwa sababu hakuna serikali inayoweza kupeleka huduma kwa nyumba moja moja. Ni hoja nyepesi kuelewa na ngumu kuipinga, hasa kwa mtu anayejua gharama ya kusafirisha kitu mashambani.

Jaribio la kwanza lilikuwa la fedha nyingi. Kuanzia 1963 serikali ilianzisha vijiji vya mfano, Upper Kitete huko kaskazini na Rwamkoma karibu na kwao Mwalimu vikiwa miongoni mwake. Kila kijiji kilitarajiwa kuchukua familia 250 hivi. Walioteuliwa walipelekewa mitambo, wataalamu, na msaada wa kujenga nyumba za kisasa, na gharama ya kijiji kimoja ikafikia wastani wa pauni 150,000. Kwa nchi maskini hizo zilikuwa fedha za kutisha. Walowezi wapya, kwa upande wao, walijiona waajiriwa wa serikali. Wengine walitarajia kulipwa kwa kulima mashamba ambayo yalipaswa kuwa yao. Aprili 1966 serikali ilitangaza kusimamisha ujenzi wa vijiji vipya vya aina hiyo.

Wakati huohuo, kule Songea, vijana wa TANU walikuwa wameanza kitu tofauti kabisa. Kijiji cha Litowa kilianzishwa na watu wenyewe, kwa majembe na njaa yao, na baadaye vijiji vingine vikafuata na kuunda Chama cha Maendeleo Ruvuma. Walijenga nyumba zao, shule yao, wakawa na mashine ya kusaga na ya kupasua mbao. Nyerere aliwatembelea akavutiwa, na mengi aliyoyaandika kuhusu ujamaa vijijini mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, yanafanana na alichokiona Litowa. Hata hivyo, Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho. Viongozi wa mkoa hawakupendezwa na wakulima wanaojiamulia mambo bila kupitia kwao. Nyerere alikuwa mwenyekiti wa chama kilichotoa uamuzi huo. Wanaomtetea husema alizidiwa na wenzake, nami naona utetezi huo una upungufu, kwa sababu mwenyekiti wa TANU wakati ule hakuwa mtu wa kuzidiwa kirahisi.

Mwaka 1971 alikwenda kujaribu mwenyewe. Dodoma ilikuwa imekumbwa na ukame, na Operesheni Dodoma ililenga kuwahamisha Wagogo kutoka katika tembe zao, nyumba zenye paa bapa la udongo, kwenda katika vijiji vipya. Rais alikaa Chamwino akishiriki kazi pamoja na wanakijiji, akifyatua matofali na kujenga. Wananchi walitoa nguvu zao na serikali ikachangia vifaa ambavyo haviokotwi porini. Kati ya mipango yake yote ya makazi, huu ndio ulioonyesha vizuri mgawanyo aliouamini: udongo, maji na mikono ni vya mwenye nyumba, na serikali inalipa kile asichoweza kukipata. Kasoro ilikuwa moja, nayo ni kubwa. Wagogo wengi hawakuwa wameomba kuhama.

Mwezi Desemba mwaka huohuo, siku ya Krismasi, mkuu wa mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Kleruu, aliuawa Isimani na mkulima Saidi Mwamwindi katika ugomvi uliotokana na sera ya vijiji na ardhi. Mwamwindi alihukumiwa kifo. Tukio hilo lingeweza kuwa onyo. Badala yake, tarehe 6 Novemba 1973, Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba hadi mwisho wa 1976 kila Mtanzania wa mashambani awe kijijini.

Kilichofuata kinakumbukwa kwa jina la Operesheni Vijiji. Malori ya serikali na ya jeshi yalibeba watu, vyungu, kuku na vitanda. Sehemu nyingi uhamisho ulienda kwa amani. Sehemu nyingine nyumba za zamani zilibomolewa au kuchomwa moto ili wenyewe wasirudi. Familia zilishushwa mahali palipochorwa mistari ya viwanja, mara nyingi kando ya barabara, zikaambiwa zijenge. Kufikia 1977 watu wapatao milioni 13 walihesabiwa kuwa wakazi wa vijiji. Hakuna serikali nyingine ya Afrika Mashariki iliyowahi kubadilisha anwani za watu wengi kiasi hicho kwa muda mfupi hivyo, ingawa Rwanda nayo, kuanzia mwisho wa 1996, ilichukua wazo linalofanana nalo kwa mpango wake wa imidugudu.

Mfanyabiashara atapenda kujua hasara ilikuwa wapi. Iko hasara ya nyumba zenyewe, maana aliyebomolewa kwa kawaida hakulipwa fidia. Iko pia hasara ya umbali. Mkulima aliyekuwa akiamka na kulikuta shamba mlangoni sasa alitembea saa nzima kulifikia. Kusini, wengi waliiacha mikorosho yao msituni. Tanzania ilikuwa imeuza korosho zaidi kuliko wakati wowote, kiasi cha tani 145,000 katika msimu wa 1973/74, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 zao hilo lilikuwa limeporomoka hadi chini ya tani 20,000. Magonjwa ya mikorosho na bei mbaya vilichangia, na watu kuhamishwa mbali na miti yao kulichangia pia. Ukame wa 1973 hadi 1975 ulikuja juu ya hayo yote, na nchi ikaagiza nafaka kwa fedha za kigeni ambazo zingenunua mabati mengi.

Upande wa huduma hauna budi kutajwa kwa haki. Shule, visima na zahanati vilifika vijijini kwa kasi ambayo isingewezekana kwa watu waliotawanyika. Wazee wengi waliohamishwa kwa nguvu hutaja mambo mawili hayo kwa pumzi moja, kilio cha nyumba ya zamani na shukrani kwa shule ya wajukuu.

Msaada wa fedha nao ulikuwepo. Benki ya Nyumba Tanzania ilianza kazi mwaka 1973, na mwaka 1974 sheria ikaanzisha Mfuko wa Nyumba za Wafanyakazi na Wakulima, uliochangiwa na waajiri. Jina la mfuko lilikuwa zuri. Lakini mwanakijiji alikopa kwa rehani gani? Kiwanja chake hakikuwa na hati, na nyumba ya udongo haikuhesabiwa kuwa mali. Sehemu kubwa ya mikopo iliishia mijini, kwa watu wenye mishahara na hati za viwanja, na benki yenyewe ikafa mwaka 1995 ikiwa na mzigo wa madeni yasiyolipika.

Manamba walipata kidogo zaidi. Oktoba 1967 serikali ilichukua sehemu kubwa ya mashamba ya katani, na kwa hatua hiyo ikarithi kambi. Sasa serikali ndiyo ilikuwa mwajiri na ndiyo mwenye nyumba. Bahati mbaya, kamba za nailoni zilikuwa zimeanza kuifukuza katani sokoni. Uzalishaji uliozidi tani 200,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1960 ulishuka hadi kama tani 30,000 mwishoni mwa miaka ya 1980. Shamba lisilouza halikarabati vyumba vya vibarua. Hapa ndipo fikra za Mwalimu zilikuwa na pengo, kwa maoni yangu. Ujamaa wake ulimlenga mkulima mwenye jembe na ukoo, mtu anayeweza kuambiwa hama kutoka hapa uende pale. Kibarua aliyetoka Burundi mwaka 1950 na kuzeekea kambini hakuwa na pa kuhama wala pa kurudi. Hadi leo barabara ya Korogwe kwenda Muheza inapita karibu na kambi ambamo wanaishi watoto na wajukuu wa manamba, kwenye ardhi isiyo yao kisheria.

Ajabu ni kwamba wageni wengine walihudumiwa vizuri zaidi. Mauaji ya 1972 nchini Burundi yaliwaleta wakimbizi kwa makumi ya maelfu, na serikali ya Nyerere, ikisaidiwa na Umoja wa Mataifa na mashirika ya makanisa, iliwatengea ardhi Ulyankulu, Katumba, na baadaye Mishamo mwaka 1978. Kila familia ilipewa shamba na kujijengea nyumba hapohapo shambani, bila safu ndefu za kijiji na bila kutembea saa nzima. Haikuwa pepo. Kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali, na wengi walihamishwa tena kutoka Ulyankulu iliyojaa kwenda Mishamo. Lakini walilima, wakauza mahindi na tumbaku, na katikati ya miaka ya 1980 makazi hayo yakakabidhiwa kwa serikali yakiwa yanajitegemea. Nyerere alipewa Medali ya Nansen mwaka 1983 kwa jinsi nchi yake ilivyowapokea wakimbizi. Mwaka 2014 zaidi ya Warundi 160,000 wa makazi hayo na watoto wao walipokea vyeti vya uraia wa Tanzania, wakati baba na mama zao walikuwa wamefika na mzigo wa kichwani tu.

Sasa turudi kwenye bati. Mwanzoni mwa 1977, akitathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha, Nyerere alilalamika kwamba Watanzania wamelewa bati na saruji. Alisema saruji ni udongo tu, ila watu wanauheshimu kwa kuwa ni udongo wa Kizungu. Aliona aibu kwamba mtu anayekaa juu ya udongo mzuri wa matofali ya kuchoma na vigae anangoja miaka apate bati, na aliita hali hiyo ugonjwa wa fikra. Serikali ilikuwa imeshafungua kitengo cha utafiti wa ujenzi Dar es Salaam mwaka 1971, nacho kilihimiza matofali ya kuchoma na vifaa vya hapahapa.

Kwa hesabu, alikuwa na haki. Saruji ya Wazo Hill, kiwanda kilichofunguliwa 1966, ilipofika Kigoma au Songea ilikuwa imebeba gharama ya safari kuliko ya kiwanda. Paa la vigae ni baridi mchana na kimya wakati wa mvua. Hata hivyo nadhani hakuwasikiliza vizuri watu wake. Nyasi huungua, huoza, na hutaka kuezekwa upya kila baada ya miaka michache. Vigae vinahitaji boriti nzito na fundi anayejua, na tanuri linakula kuni za kijiji kizima. Bati humwagia maji safi kwenye pipa. Na liko jambo moja ambalo mwanakijiji wa 1977 alilijua kwa uchungu: akija mtu na lori kumwambia hama, ukuta wa matofali unabaki pale ulipo, lakini bati linafunguliwa misumari, linakunjwa kamba na kwenda naye. Linaweza pia kuuzwa siku ya ugonjwa au ya ada ya shule. Wauza bati wote wa Busia na Kabanga wanalifahamu hilo. Kwa familia nyingi bati ni akiba inayolala juu ya kichwa.

Mwanzoni mwa mwaka huohuo wa 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa, na jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ikafa mwaka huo. Ikaja vita ya Kagera ya 1978 na 1979, fedha za kigeni zikaisha, na bati likawa bidhaa ya kuandikiwa kibali katika maduka ya serikali, au ya kupitishwa usiku kwa magendo. Mwaka 1983, katika msako wa wahujumu uchumi ulioongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, kukutwa na shehena ya vifaa vya ujenzi bila maelezo kulitosha kumtia mfanyabiashara ndani. Mpaka ulifunguliwa tena Novemba mwaka huo. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa walizipata wapi, na paa za bati zikaanza kung'aa vijijini kwa wingi kuliko zilivyowahi kung'aa kwa mpango wowote wa serikali. Nyerere alikuwa bado rais. Aliondoka madarakani mwaka uliofuata, Novemba 1985.

Alibaki mwenyekiti wa CCM hadi 1990, akilima Butiama. Aliishi kuona madai ya waliohamishwa yakifika mahakamani. Mashamba yaliyogawiwa wengine wakati wa operesheni yalikuwa yakidaiwa na wenyewe wa asili, hasa mkoani Arusha, na mwaka 1992 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta madai hayo. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika shauri la mkulima mmoja wa huko na mwanawe, iliamua kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na ikabatilisha vifungu vya sheria hiyo.

Jeshi la Wananchi lilimjengea Mwalimu nyumba kubwa Butiama, nyumba ya kisasa juu ya kilima. Alikaa humo muda mfupi tu kabla ya kusafirishwa kwa matibabu London, ambako alifariki tarehe 14 Oktoba 1999 kwa saratani ya damu. Alizikwa tarehe 23 Oktoba. Wiki tano baadaye, tarehe 30 Novemba, marais wa Kenya, Uganda na Tanzania walitia saini mjini Arusha mkataba wa jumuiya mpya, ile ambayo kwa vyeti vyake mabati yanavuka mipaka leo bila ushuru. Kaburi lake liko katika boma la ukoo, karibu na makaburi ya wazazi wake.